Gemu za manowari na kutunga sinario: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Nairobi

Hizi ni gemu gani, zile za simu ama?

Hapana, si za simu. Ni meza, ramani ya bahari, kete za meli, dadu, timu mbili, na refa mmoja katikati ambaye ndio peke yake anajua kila mtu ako wapi. Kisa cha vita mnachocheza siku hiyo ndio sinario, na kila zamu ni dakika kadhaa za vita. Unaamua meli yako iende upande gani, uwashe rada ama uzime, urushe kombora ama ungoje kidogo, halafu refa anakuambia kimetokea nini na mara nyingi anakuambia kidogo sana. Ukitaka milipuko na rangi rangi utaboeka. Ukipenda kukaa hapo unawaza huyu jamaa ako wapi, ananiona ama hanioni, basi umefika.

Lazima niwe nimepitia jeshi?

Zii. Ukijua kujumlisha na kutoa na unaweza kumaliza lisaa bila kumwambia mwenzako mpango wako, inatosha.

Nairobi na bahari wapi na wapi? Si mcheze vita vya nchi kavu tu

Watu huuliza hii wakicheka lakini hebu cheki. Petroli unayoweka kwa pikipiki ilishuka Mombasa kwa meli, gari ya jirani ilitoka Japani kwa meli, na intaneti unayotumia kusoma hii inapita chini ya maji. Februari 2024 Wahouthi wa Yemen walipiga meli ya mizigo inaitwa Rubymar pale karibu na Bab el Mandeb, ule mlango mwembamba wa kuingia Bahari ya Shamu, imebeba mbolea, mabaharia wakaiacha ikabaki inaelea na nanga ikiwa chini, na kipindi hicho hicho nyaya kadhaa za intaneti za Bahari ya Shamu zikakatika, mojawapo ya Seacom, ile ile inayoshuka Mombasa. Wamarekani walisema anayeshukiwa ni hiyo nanga. Meli yenyewe ikazama tarehe 2 Machi. Na hapo hata sijagusa mambo ya meli kuamua kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Suez, na mwenye duka hapa kuambiwa kontena limechelewa.

Kwa hivyo mi huona mtu wa Nairobi anaielewa Bab el Mandeb haraka kuliko Taiwan, na sinario za Taiwan ndizo kila mtu mgeni anataka kuanza nazo. Acha kwanza.

Sawa, nianze na sinario gani?

Anza na MV Faina. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliteka hiyo meli ikija Mombasa, ndani kuna vifaru 33 vya T-72, na kelele ikaanza kila mahali, serikali ya Kenya inasema mzigo ni wetu, wengine wanasema ulikuwa unapita tu kwenda Sudan Kusini. Manowari za Marekani zikakaa karibu kuichunga, Urusi nayo ikatuma yake, na pamoja na hizo nguvu zote hakuna aliyeivamia. Iliachiliwa 5 Februari 2009 baada ya fidia kulipwa.

Unaona uzuri wake? Upande mmoja uko na makombora, rada, helikopta, kila kitu, na hauwezi kuvitumia kwa sababu kuna mabaharia mateka ndani. Upande ule mwingine uko na boti za faiba na bunduki na muda. Kete ni chache kwa hivyo mgeni hachanganyikiwi, na mchezo wote unakaa kwa maamuzi. Kwa hii sisi tunatumia timu tatu badala ya mbili. Wa manowari anapewa karatasi inasema: hakuna kifaru kishuke, hakuna baharia afe. Maharamia karatasi yao inasema: pesa ipatikane kabla chakula, maji na miraa kuisha. Mwenye meli naye ako na bajeti ambayo wenzake hawaijui, na anaweza kuongea na maharamia bila kumuambia mwenye manowari. Hapo ndipo makelele huanzia.

Baada ya hiyo fanya Maersk Alabama, Aprili 2009, nayo ilikuwa inakuja Mombasa, ile ya kapteni kuchukuliwa ndani ya boti ya kuokolea na kuokolewa siku chache baadaye na wadunguzi waliokuwa kwa manowari ya Marekani, USS Bainbridge. Hiyo ni fupi, inaisha jioni moja.

Mbona mnasema rada haioni mbali? Si nimesoma inaona kilomita mia tatu

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote hapa, kwa hivyo nitakaa nalo.

Rada inaona mbali ikiangalia kitu kilicho juu. Dunia ni duara, na mawimbi ya rada yanaenda karibu sawasawa, yanapinda kidogo tu, kwa hivyo kitu kinachoruka chini chini juu ya maji kinajificha nyuma ya upeo wa macho mpaka kiwe karibu. Hesabu yake ni rahisi, chukua urefu wa antena kwa mita utafute kipeuo cha pili, chukua urefu wa kile kitu utafute kipeuo cha pili, jumlisha, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita.

Tuseme antena yako iko mita 25 juu ya maji. Kipeuo cha pili ni 5. Kombora linakuja mita 4 juu ya maji, kipeuo cha pili ni 2. Jumla 7, mara 4.12, ni kama kilomita 29. Basi. Hata ukiwa na rada ya pesa ngapi, hilo kombora utaliona likiwa kilomita 29. Na linakuja kwa kasi kama ya mita 300 kila sekunde, karibu na kasi ya sauti, kwa hivyo uko na sekunde 96 tangu lionekane mpaka likupate, na ndani ya hizo mtu aangalie skrini, aamini anachokiona, amwambie mkubwa, mkubwa aamue, kombora la kujikinga litoke, liende, ligonge. Likikosa hujui kama kuna nafasi ya pili.

Sasa inua hiyo rada. Iweke kwa helikopta iliyo mita 900 juu. Kipeuo cha pili ni 30, jumlisha 2 ni 32, mara 4.12 ni karibu kilomita 132. Sekunde 96 zimekuwa dakika saba na kitu. Kombora halijabadilika hata kidogo, wewe ndio umeona mapema.

Tuko na sheria moja kwa meza yetu imetoka hapo: ukileta sinario yako, jambo la kwanza refa anauliza ni nani ako na macho juu. Kama hujaandika, rudi uandike. Watu huleta sinario zina orodha ya makombora kurasa mbili na hakuna hata ndege moja ya kuangalia, sasa hizo makombora mnapiga nani?

Kuna mfano wa ukweli wa hiyo stori ya macho juu?

Falklands, 1982, visiwa ambavyo Uingereza na Argentina walipigania, na kila mtu anayetunga sinario anafaa kuisoma hiyo vita vizuri. Tarehe 4 Mei ndege ya Argentina ya doria, Neptune ya zamani kabisa, iliwapata Waingereza kwa rada na kutuma habari, halafu ndege mbili za Super Étendard zikaja chini chini, zikapanda kidogo kuchungulia, zikarusha makombora ya Exocet na kurudi nyumbani. Moja iligonga HMS Sheffield. Watu 20 walikufa na meli ikazama siku chache baadaye ikivutwa. Waingereza walikuwa na ndege nzuri za vita lakini hawakuwa na ndege ya rada ya kuona mbali kutoka juu, na hiyo ilikuwa kati ya vitu vya kwanza walivyokimbilia kutengeneza, wakaweka rada kwa helikopta za Sea King.

Lakini ile kitu mi hupenda zaidi kwa sinario hii ni kwamba Argentina ilikuwa na Exocet tano tu za kurushwa na ndege. Tano! Sasa mpe mchezaji tano na umwambie kuna manowari mbili za kubeba ndege ukizigonga vita vinaisha, lakini zimekaa mbali na zimezungukwa. Atarusha mbili leo kwa kitu ambacho rada inasema ni kikubwa? Tarehe 25 Mei zilirushwa zikagonga Atlantic Conveyor, meli ya mizigo, ambayo ilikuwa imebeba helikopta za Chinook za Waingereza, na wanajeshi wao wakabaki kutembea kwa miguu. Nimeona mtu amekaa na kete zake tano mpaka gemu ikaisha hajarusha hata moja, akiogopa kupoteza.

Niwashe rada ama nizime?

Inategemea, na ndio raha yenyewe. Rada yako ikituma wimbi lazima liende likagonge kitu lirudi, na linaporudi limechoka. Adui anayesikiliza tu hahitaji lirudi, yeye analipata likiwa bado na nguvu, kwa hivyo anakusikia kutoka mbali kuliko wewe unavyoweza kumuona. Hatajua umbali vizuri, atajua upande, na akikusikia kutoka sehemu mbili anapiga mistari miwili kwa ramani na pale inapokatana ni wewe.

Sisi tunatumia WhatsApp. Kila timu ina grupu yake na refa ako kwa zote mbili. Ujumbe wa refa unaweza kuwa hivi: "Mnasikia rada, upande wa nyuzi 040, aina ya meli ya kivita, umbali haujulikani." Hiyo tu. Dakika tano baadaye: "Imezima." Sasa timu inaanza kubishana, imezima kwa sababu imetuona ama imezima kwa sababu imegeuka, na wakati wanabishana zamu yao inapita juu muda ni wa saa ya ukweli. Usimpe mchezaji muda wa kuwaza vizuri, kapteni wa ukweli hakupewa.

Onyo, angalia unatuma kwa grupu gani. Refa akikosea grupu sinario imekufa hapo hapo.

Kombora moja linazamisha manowari?

Linaweza kuizamisha, linaweza kuiharibu tu, linaweza kukosa. USS Stark ilipigwa na Exocet mbili za Iraki Mei 1987, watu 37 wakafa, na meli ilirudi nyumbani ikatengenezwa. Moskva, meli kubwa ya Urusi kwenye Bahari Nyeusi, Ukraine ilisema imeipiga na makombora mawili yanaitwa Neptune, Urusi ikasema ni moto tu ulianza ndani, vyovyote vile 14 Aprili 2022 ilikuwa chini ya maji. Na stori hii haikuanza juzi, Oktoba 1967 boti ndogo za Misri zilizamisha Eilat ya Israeli kwa makombora ya Kisovieti wakiwa karibu na Port Said, na dunia nzima ya wanamaji ikashtuka kwamba kaboti kadogo kanaweza.

Kwa meza tunatumia hesabu ya Wayne Hughes, aliyekuwa kapteni kwa jeshi la majini la Marekani na baadaye akafundisha. Chukua vifuniko vya soda tufanye. Timu nyekundu ina meli nne, kila moja inarusha makombora manne yaliyolenga vizuri, ni kumi na sita. Timu ya bluu ina meli tatu, kila moja inaweza kuangusha manne, ni kumi na mbili. Kumi na sita toa kumi na mbili, manne yamepita. Kila meli inatolewa vitani na makombora mawili, kwa hivyo bluu imepoteza meli mbili kati ya tatu kwa mpigo mmoja, kabla haijajibu.

Sasa rudia ukiwa umeongeza meli moja tu kwa bluu. Kinga sasa ni kumi na sita, kimepita sufuri. Meli moja tu na matokeo yamegeuka kabisa! Na kama bluu hawakuwa wameona, kinga yao ni sufuri hata wakiwa na meli kumi. Mchezaji akielewa hizi mistari mitatu ameshajua kwa nini kila mtu baharini anataka kupiga wa kwanza na kwa nini kuona ndio kunaamua nani atapiga wa kwanza.

Na makombora yakiisha?

Yameisha bana, unaenda nyumbani. Meli ya Marekani ya aina ya Arleigh Burke ina mashimo 90 ama 96 ya makombora, na ndani lazima ugawanye, haya ya kuangusha ndege, haya ya kupiga nchi kavu, haya ya nyambizi. Kuyajaza tena katikati ya bahari ni shida kubwa, kawaida unarudi bandarini. Kwa hivyo kwa sinario andika mashimo kwa karatasi na mchezaji ayakate na kalamu yeye mwenyewe. Inauma zaidi hivyo kuliko refa akikuhesabia.

Bahari ya Shamu tangu mwisho wa 2023 ndio darasa la hii. Unaangusha droni ya bei ya gari kwa kombora la kama dola milioni 2. Usipoiangusha, meli inapigwa. Halafu kesho wanatuma zingine. Januari 2024 USS Gravely iliacha kombora likaja mpaka kama kilomita moja na nusu, ikabidi bunduki ya Phalanx ndio imalize, ile ya milimita 20 inayotema risasi 4,500 kwa dakika, na hiyo ndio kinga ya mwisho kabisa hakuna nyingine nyuma yake.

Mchezaji wa Wahouthi kwa sinario yetu hahitaji kuzamisha manowari. Anapata pointi kila meli ya biashara ikigeuka kurudi. Yule wa manowari akigundua hivyo amechelewa.

Nyambizi tunazichezaje na hakuna anayeziona?

Usiweke kete yake kwa meza. Nyambizi inakaa kwa daftari la refa na simu ya mwenye nyambizi, full stop. Kwa maji sauti inaenda kama mita 1,500 kwa sekunde, mara nne na zaidi ya hewani, lakini haiendi moja kwa moja, inapinda kulingana na joto la maji. Juu kuna maji ya joto, chini yake baridi, na pale katikati sauti inapinda, kwa hivyo nyambizi iliyoshuka chini ya hilo tabaka inaweza kukaa karibu na meli na isisikike. Sisi dadu inaamua tabaka liko wapi siku hiyo na refa hamwambii mtu mpaka atumie zamu moja kupima.

Kinachofanya nyambizi iwe tamu ni woga. 2 Mei 1982 nyambizi ya Uingereza HMS Conqueror ilizamisha General Belgrano, watu 323 walikufa, na baada ya hapo meli kubwa za Argentina zikabaki karibu na nyumbani vita vyote. Upande wa pili, Argentina ilikuwa na nyambizi moja tu ya maana huko nje, San Luis, torpido zake zikasumbua na haikugonga kitu, na bado Waingereza walitumia silaha nyingi kupiga nyangumi na vivuli wakidhani ni yeye. Kwa hivyo refa mzuri anatoa mawasiliano ya uongo. Kila mara ukitafuta nyambizi kuna nafasi dadu ikupe kitu ambacho hakipo.

Droni za baharini je?

Weka, lakini weka na akili. Ukraine haina manowari kubwa na imesukuma meli za Urusi mbali na pwani yake, Februari 2024 peke yake droni za Magura zilizamisha Ivanovets tarehe 1 na Tsezar Kunikov tarehe 14. Zinakuja nyingi, usiku, chini kwa maji, na zinalenga sehemu moja ya meli mara kadhaa. Kwa hesabu ya Hughes kila droni ni kombora la polepole. Tofauti ni kwamba unaweza kuipiga na bunduki ya kawaida ukiiona, na haina kasi ya kukufuata kama uko katikati ya bahari unakimbia. Kwa hivyo bandarini zinatisha, kwa bahari wazi si sana. Kumbuka pia USS Cole pale Aden, Oktoba 2000, boti ndogo na watu wawili, mabaharia 17 wakafa, hiyo haikuwa droni lakini tatizo ni lile lile, ni boti gani kati ya hizi zote inakuja kunidhuru.

Na yale ya haipasoniki, mara tano ya kasi ya sauti?

Kila kijana anakuja akitaka hayo. Sawa, yapo, lakini kombora la kwenda kilomita elfu moja linahitaji mtu wa kukuambia meli iko wapi sasa hivi, si iliyokuwa nusu saa iliyopita. Manowari inakwenda zaidi ya kilomita hamsini kwa saa. Rudi kwa swali la macho juu.

Mbona sinario zenu zina meli za raia nyingi hivyo, si zinajaza tu meza?

Ziko hapo makusudi. Tarehe 3 Julai 1988 USS Vincennes iliangusha ndege ya abiria ya Iran Air kwenye Ghuba, watu 290, wote walikufa, wakidhani ni ndege ya kivita inakuja kuwashambulia. Wakati huo meli hiyo ilikuwa na mitambo ya kisasa kuliko karibu yote. Sinario isiyo na raia inamfundisha mchezaji kwamba kila kinachotokea kwa rada ni cha kupigwa na huo ni uongo.

Meli za tani 300 kwenda juu zinazosafiri kimataifa zinafaa kuwa na kifaa cha AIS kinachotangaza jina na mahali, na unaweza kuziona kwa simu yako bure, fungua utaona zile zimepanga foleni nje ya Kilindini. Tunachukua picha ya siku fulani na hiyo ndio inakuwa msingi wa ramani. Halafu tunaongeza majahazi, boti za wavuvi, na moja mbili zilizozima AIS. Nyingine imezima kwa sababu inaogopa maharamia. Nyingine ina samaki wa magendo. Mchezaji hajui. Na lazima uandike sheria ya kufyatua: ni wakati gani unaruhusiwa kupiga, nani anatoa ruhusa, akichelewa kujibu unafanyaje.

Nitajuaje nani ameshinda?

Usihesabu meli zilizozama. Kila upande upewe lengo lake na yasiwe kinyume kabisa, yaani pande zote zinaweza kushinda ama zote kupoteza, kama ile ya Faina. Na cheza sinario moja mara kadhaa kabla hujasema ni nzuri. Wale wa CSIS, taasisi ya utafiti kule Washington, walipofanya gemu yao ya Taiwan waliicheza mara 24 wakibadilisha vitu, wakatoa ripoti Januari 2023, kwa sababu mara moja inaweza kuwa ni dadu tu.

Dadu ama kompyuta?

Kuna programu nzuri, Command: Modern Operations ya 2019 ndio inatajwa sana na ina data ya kutosha kukukosesha usingizi, lakini inataka laptopu ya maana na stima isiyopotea. Meza ina kitu kingine, watu wanabishana uso kwa uso. Liverpool mwaka 1942 Gilbert Roberts na akina dada wa jeshi la majini la Uingereza walichora bahari kwa sakafu, makapteni wakawekwa nyuma ya turubai lenye tundu wachungulie kile tu ambacho wangeona wakiwa melini, na hapo ndio mbinu za kukimbizana na nyambizi za Wajerumani zilipikwa. Sisi tunafunga leso kwa kamba katikati ya chumba. Inafanya kazi.

Kitambaa cha bluu cha bahari unapata Gikomba, ramani unaprinti kwa saiba yoyote ya mjini, waambie A3. Dadu toa kwa ludo.

Mchezaji akifanya kitu cha wazimu, refa akubali?

Akubali, alafu aulize maswali. Mwaka 2002 Marekani ilifanya mazoezi makubwa sana yanaitwa Millennium Challenge, ya dola kama milioni 250, na jenerali mstaafu Paul Van Riper akapewa kucheza adui. Alijua redio zitasikika, basi akatuma ujumbe kwa pikipiki, boda boda kabisa, halafu akafungua na makombora na boti ndogo kwa pamoja akazamisha meli 16. Waandaaji wakaziinua meli zote kutoka chini ya bahari na kusema tuendelee, na akawekewa masharti mpaka akajitoa. Ukiwa refa usifanye hivyo. Kama sheria inakubali na fizikia inakubali, mwache apige, mtaongea kwa chai.

Si nitashikwa kwa kutafuta data za silaha?

Tunatumia vitu vilivyochapishwa tu, urefu wa meli, masafa yaliyotangazwa, ripoti za vita vilivyoisha. Kama una binamu ako jeshini usimuulize chochote, na kama yeye anataka kucheza aje acheze kama mtu wa kawaida. Nambari ikikosekana tunakadiria na kuandika kwa karatasi kwamba ni makadirio. Gemu haiharibiki kwa sababu umesema kilomita 60 badala ya 65.

Kenya Navy iko kwa sinario?

Iko. Kismayu, 28 Septemba 2012, wanajeshi wa Kenya kushuka ufuoni kutoka baharini usiku, hiyo tunaicheza kama tatizo la mawimbi, muda na mahali pa kushukia zaidi ya kupigana. Kwa wanaopenda "ingekuwaje," KNS Nyayo na KNS Umoja zilijengwa Uingereza miaka ya themanini zikiwa na makombora ya Otomat, na kuna sinario ya hizo mbili dhidi ya timu ya kubuni. Usiweke nchi jirani kama adui kwa meza yetu, tumekubaliana hivyo, inaleta siasa na watu wanaacha kucheza wanaanza kubishana mambo ya mpaka.

Kuna ya zamani ya hapa kwetu?

Königsberg. Manowari ya Wajerumani ilizamisha HMS Pegasus pale Zanzibar 20 Septemba 1914, halafu ikajificha ndani ya delta ya Rufiji ambako meli kubwa za Waingereza haziwezi kuingia. Wakaleta Severn na Mersey, meli za maji mafupi, na ndege kutoka kisiwa cha Mafia za kuangalia risasi zinaanguka wapi na kurekebisha. Tarehe 6 Julai 1915 walishindwa, tarehe 11 wakaimaliza. Ni macho juu tena, miaka zaidi ya mia iliyopita, na mizinga badala ya makombora. Ukienda Fort Jesus utaona mzinga wake. Kuicheza vizuri tafuta ramani ya delta yenye vina vya maji, bila hivyo vina haina maana.

Sinario ya kwanza inafaa kuwa na kete ngapi?

Sita hadi kumi, pande zote kwa jumla, bila kuhesabu raia. Ukurasa mmoja wa maelezo kwa kila timu, font kubwa. Saa tatu, nne mkibishana. Watu wanne na refa, na refa asiwe yule aliyetunga mara ya kwanza inachezwa, aliyetunga akae kando aandike wapi watu walikwama, na asiongee.